Ukuta ya Buluu ya Mama Balume

Wakati yetu, mutu akihama alikuwa anabeba mulango. Watoto wa leo wakisikia hivi wanacheka, lakini ni kweli. Udongo ya kujenga iko kila pahali, miti iko, majani iko, ila mbao ya kupasua na musumeno ilikuwa kitu ya kutafuta. Tonton yangu wa Idjwi, kaka mukubwa wa baba yangu, alitoka kisiwani na mutumbwi, ndani bibi yake, watoto, mbuzi mbili, na mulango ameulalisha juu ya magoti ya watoto kama meza. Katikati ya ziwa upepo ikapiga ule mulango, mutumbwi ikaanza kuzunguka, bibi yake akatoa rozari. Wenye kupiga kasia wakapiga kelele: "Tupa mulango, muzee!" Tonton akajibu: "Nikiutupa, nikifika nitafunga nini?" Bibi yake akamwambia: "Utafunga kinywa." Walifika wote, na mulango pia. Mbuzi moja tu njo ilikufa, na ile ilikufa na woga.

Baba alienda kumupokea, akamuleta kwetu kwenye kampi. Tonton akasimama inje na mulango yake juu ya kichwa, akaangalia nyumba zetu kushoto, akaangalia kuume, akauliza: "Sasa hapa nyumba moja inaishia wapi, na ingine inaanzia wapi?" Hata sisi wenyewe hatukujua kabisa.

Kampi yetu ilikuwa hapa Bukavu, juu ya Cimpunda, kwenye mulima. Kiwanda ya sabuni njo ilijengea wafanyakazi yake: mustari murefu ya matofali, nyumba nane chini ya paa moja ya manjanja, yale mabati. Kati yako na jirani ilikuwa ukuta moja tu, na ile ukuta haikufika paa. Moshi yao ilipita kwetu, kikohozi yetu ilipita kwao. Sisi tulikuwa nyumba ya saba. Ya nane, ya mwisho kabisa, karibu na bonde, walikaa Mama Balume na mutoto wake Balume, rika yangu. Baba ya Balume alikuwa dereva ya kiwanda, tulimuona mara chache kama padri wa kijiji ya mbali.

Mama Balume akipungukiwa kitu, alipiga ukuta na mwiko ya bugali. Mama yangu aliuliza bila kusimama: "Chumvi ao moto?" Sauti inajibu: "Chumvi!" Chumvi inapita juu ya ukuta ndani ya kifuniko ya kopo. Akikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, sisi tulikuwa tunakula bugali kavu na harufu yake, na baba anatuambia: "Kuleni pole pole, mboga isiishe." Leo watu wamejenga nyumba za ghorofa na ukuta ya chupa zimevunjika juu yake, jirani akikufa wanasikia kwa redio.

Kiwanda ilikubali chokaa nyeupe tu. Mama Balume alikamata chokaa, akachanganya na ile buluu ya kufulia mashuka, akapaka ndani yote, mpaka upande yake ya ukuta yetu, pahali aliweka mbabula, jiko yake ya makala. Kapita, musimamizi wa kampi, akakuja kugomba. Mama Balume akamujibu: "Inje ni ya kiwanda. Ndani ni yangu." Kapita aliingia kuangalia, akabaki anaangalia, akaomba maji ya kunywa, akaenda. Mimi nimeona kanisa kubwa, nimeona nyumba za wakubwa kule kando ya ziwa, lakini chumba yenye ilikuwa inanipumuzisha macho ilikuwa ile.

Shule sikufika mbali. Mwalimu alikuwa anapiga na mufupa ya mwavuli, na mimi sikuwa na kichwa ya kuvumilia mufupa ya mwavuli. Tulijifunza zaidi bondeni. Kiangazi tulishuka mule na Balume na watoto wengine, tunachimba udongo ya kushikamana, tunajenga mji: njia, soko, kanisa, na mustari ya nyumba kama zetu. Kanuni ilikuwa hii: hujengi nyumba yako peke yake. Unashika ukuta ya mwenzako, unaleta kuta tatu, ya ine unaikuta. Kwa hiyo ukikasirika huwezi kubeba nyumba yako uende nayo, inaanguka. Tuligombana sana, tulichubuana uso, lakini nyumba zilibaki zimeshikana. Watoto wa leo wakigombana wanafutana ndani ya simu na kidole moja, hata jasho haitoki.

Kisha ikakuja ile mvua. Ilikuwa muchana. Mimi na Balume tulikuwa kwenye bomba tunapanga bidoni za maji, tukasikia kama lori inamwaga mawe. Tulipopanda, mustari ilikuwa na nyumba saba. Mulima ilishuka na ya nane, na Mama Balume alikuwa ndani. Walimutoa kesho yake, chini kabisa.

Ukuta yetu ilibaki imesimama. Ilikuwa ukuta ya katikati, sasa imekuwa ya mwisho, na upande yenye ilikuwa jikoni ya watu ikaangalia mvua. Buluu yote inje. Weusi ya moshi pahali ya mbabula. Musumari, na kwa musumari kikombe ya bati ingali imetundikwa, kama mwenyewe ameenda kuteka maji. Balume aliinua mukono, hakufikia kikombe. Baba yangu njo alimutolea. Watu wote wa kampi walikuwa pale, na hakuna mwenye alijua aangalie wapi, sababu ile ukuta ilikuwa kama kuona mama ya mutu bila nguo.

Mazishi ilipoisha, nyanya yake akamupeleka kwake kijijini, Mumosho. Mvua ikafuta buluu kidogo kidogo, kisha baba akapiga sima, ile saruji ya mufuko. Siku zile hakukuwa na daktari wa kuongea na watoto. Sisi walitupatia viazi ya kuchoma.

Balume alirudi Bukavu akiwa mutu muzima, fundi wa kushona, akajenga nyuma ya soko. Tulizeeka pamoja. Kila siku ya Mungu kisha misa anakuja kwangu, bibi yangu anamupa chai, ananitukana kidogo: "Mwira," kwa Mashi ni kusema rafiki, "mwira, ile shati nilikushonea ungali unaivaa? Watazani nimekufa na sikuacha mufundi mwingine."

Sasa niseme mambo ya mutoto wangu. Nsimire ni wa mwisho, amesoma, anakaa nasi na ordinatere yake, ile kompyuta. Kazi yake ukiisikia mara ya kwanza utafikiri amegonjwa. Ndani ya ordinatere kuko muchezo ya kujenga mji. Watu wazima, wenye ndevu, huko inchi za mbali, wanapanga barabara na maji na masoko ya mji yenye haiko. Hawajui kujenga nyumba, basi wanachukua nyumba zenye wengine wametengeneza. Nsimire anatengeneza. Hapa Bukavu mulima inakula nyumba za kweli kila musimu ya mvua, na mutoto wangu anajengea Wazungu nyumba za uongo. Nilimwambia vile. Akajibu: "Papa, hizi hazishuki bondeni."

Siku moja akaniuliza juu ya kampi. Alitaka kutengeneza mustari kama ile ya kwetu, na ndani ya muchezo hakukuwa nyumba za namna ile, za watu wa kwetu. Nilifurahi kama mupumbavu. Nikamwita Balume.

Siku nyingi za Mungu tulikaa nyuma ya mugongo ya Nsimire, wazee wawili, tunabishana. "Pipa ya maji iko kushoto." "Kushoto ya nani? Wewe hata misa unakaa upande ya wanawake." "Manjanja iweke kutu, mutoto. Hapo. Ongeza." Nsimire anacheka, anaongeza kutu. Na Balume aliomba kitu moja tu, toka siku ya kwanza. Alisema: "Nyumba ya mama isimame pale mwisho. Na ndani paka buluu."

Nsimire akamuelezea: "Tonton, ndani haionekanake. Mutu anaona inje tu. Ndani hakuna kitu."

"Balijenga nyumba ya nini kama ndani hakuna?"

"Ni vile muchezo iko."

"Basi fungua mulango kidogo. Mutu akipita aone buluu."

Nsimire alifikiri, akasema inawezekana. Akamuahidi. Balume siku ile alikunywa chai vikombe viwili, na alipoenda alimwambia bibi yangu: "Mutoto yenu anajengea mama nyumba."

Katikati ya juma mimi nikabaki na Nsimire, na mudomo yangu haijui kufungwa. Nikamwambia juu ya ile ukuta kisha mvua. Weusi ya moshi, musumari, kikombe. Aliandika yote. Siku mbili hakutoka chumbani.

Siku ya Mungu yenye ilifuata, Balume akakuja na koti yake ya misa, akakaa, akavaa miwani. "Leta nyumba."

"Tonton, ile ya kusimama bado," Nsimire akasema. "Muchezo inakamata vipande tatu: mwanzo, katikati, mwisho. Unavuta mustari vile unataka, na yenyewe inaweka mwisho. Nilijaribisha mwisho huu kwanza, ile ukuta ya kisha mvua, nikaitumia wachezaji, na bantu balipenda sana. Angalia."

Akafungua mji ya mutu fulani wa mbali. Barabara nyingi, taa, miti. Nyumba zetu zimepangana kila pahali, na kila mahali mustari inaishia, ukuta ya buluu, na moshi, na musumari, na kikombe.

Balume akaweka kidole kwenye kioo. "Hapa nani alikufa?"

"Hakuna mutu, tonton. Ni muchezo."

"Na hapa?"

Nsimire akageuza barabara.

"Na hapa?"

Mutoto akacheka. Mimi pia nikacheka, sababu Balume ni mutu wa mizaha, nilizani ni mizaha. Akatoa miwani, akanigeukia. "Mwira, wewe njo ulimuelezea?"

"Nilimuelezea vile ilikuwa."

"Vile ilikuwa, kabla yake ilikuwa nyumba."

Nsimire akaona sasa. Akasema: "Tonton, samahani, nitaifanya. Ngojea wiki hii tu."

"Nilikuwa nangojea, mutoto yangu," Balume akamujibu, bila hasira, kama mutu anaeleza njia. Akafunga koti, kifungo kwa kifungo. Bibi yangu alikuwa analeta chai. Akamwambia asante, maman, akapita. Tulimuona anashuka kuelekea soko, pole pole, sababu ya magoti yake. Mimi sikusimama. Nilisema: atarudi siku ya Mungu.

Siku hizi Balume anasali misa ya asubuhi, hapiti tena kwangu. Nimetuma watu, wanamukuta anashona, anawaambia: "Mwambieni namusalimia." Nimefika mimi mwenyewe kwake mara moja, mulango ilikuwa imefungwa na mashini ilikuwa inalia ndani. Nsimire alimaliza ile nyumba, inasimama, mulango wazi, buluu inaonekana. Watu wa ule muchezo walisema ni muzuri, lakini wanapenda ile ingine zaidi. Sina la kumulaumu mutoto. Yeye alizaliwa pahali kila nyumba ina kuta zake ine.

Zamani tungegombana, tungepigana mpaka damu, na magaribi ingefika. Angelala upande yake, ningelala upande yangu, na kati yetu tofali moja. Ningemusikia anageuka, anakohoa, mama yake anamwambia nyamaza. Asubuhi mwiko ingepiga. Haikuwa kusameheana, watu wa siku hizi njo wanapenda lile neno. Ilikuwa ukuta tu, hukuwa na pahali pa kwenda. Leo kati ya kwangu na kwake kuko soko nzima, na makanisa na vipaza sauti, na pikipiki. Kama usiku anakohoa, mimi siwezi kujua.