Nilipolipokea Lori Ambalo Halijafika

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: pilau ya harusi ya binamu yangu. Nilikuwa karani wa ghala la chama cha wakulima, huku huku Mpapura, msichana mwenye mikogo, na simu ya upepo ndiyo ilikuwa fahari yangu. Mjini wakiita, ni mimi tu ninayejibu! Nilikuwa nakohoa kwanza, ili wapita njia wajue Somoe yuko kazini.

Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua. Wewe umezaliwa kwenye korosho, unajua: maua yakishikwa na ugonjwa wa ubwiri unga kabla ya kupuliziwa dawa ya salfa, kijiji kizima hakina msimu. Lori la salfa lilitoka Mtwara mjini asubuhi. Saa nane mjini wakaniita: limefika?

Halikuwa limefika. Lakini hina imeshakauka mikononi, ngoma zinalia nyumba ya tatu, na mimi bado niko ghalani! Nikajiambia, dereva Ausi njia hii anaijua, atatokea sasa hivi. Nikajibu kwa sauti tamu, "Limefika, mzigo umepokelewa." Nikafunga mlango, nikaenda kucheza. Wallahi, nilicheza!

Kumbe Ausi amevunjikiwa na ekseli nusu ya njia. Alimtuma mtu wa baiskeli mjini akaombe trekta, mjini wakamcheka: lori gani tena, si limeshapokelewa? Kesho yake mchana akaingia kijijini kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kope.

"Nani huyo aliyenipokea?" akauliza. "Nimekuja nimwone."

Mzee Chilumba, mtunza ghala, ndiye alikuwa mkubwa wangu. Hakunifokea, na ni heri angefoka. Alinishika mkono akaniingiza ghalani.

"Haya, Somoe, niwekee mkono juu ya gunia moja tu."

"Mzee, hakuna gunia."

"Ala! Na simu ililiona wapi? Kile chombo hakina macho, binti yangu. Kinatumia ya kwako."

Nililia, nakwambia, nililia mpaka wanja ukafika kidevuni. Mzee akaniacha nilie, akatoka kwenda nyumba ya harusi, maana wageni walikuwa bado wanamalizia ukoko. Akawaambia salfa iko barabarani na maua hayasubiri. Basi! Kila mwenye baiskeli akapanda, na wa mbele kabisa ni bwana harusi mwenyewe, na kanzu yake! Waliporudi na mifuko wamefunga nyuma, wote walikuwa wamegeuka rangi ya njano kwa vumbi la salfa. Bibi harusi alipiga vigelegele huku anacheka, akisema huyu siye niliyeozwa jana. Asubuhi iliyofuata mashine za kupulizia zilinguruma kila shamba, na msimu ule tulikosa hata pa kuanikia korosho.

Sasa wewe umerithi kiti changu, na una kishikwambi. Lori unaliona linatembea kwenye kioo kama siafu! Nafurahi, sikufichi, ndiyo maana kila siku nakusumbua unionyeshe. Wageni wa semina wanauliza kama watu wa vijijini tuko tayari kwa mambo haya. Tuna nini hata tusiwe tayari?

Ila juzi nilikuona, mwanangu. Ghala liko bondeni, mtandao haushuki huko, na wewe ukasimama kilimani ukabonyeza "imepokelewa" wakati lori bado liko barabarani nyuma yako, halijashuka ghalani, ili usipande kilima mara ya pili. Nilisikia harufu ya pilau ile ile.

Nisikilize basi. Shuka kwanza. Weka mkono juu ya gunia, ndipo upande tena ubonyeze, hata kama jua linawaka. Na kama mzigo haujafika, sema haujafika bila kuona haya, maana aliyekwama huko njiani anaokolewa na neno hilo. Mnara wa mtandao watatujengea siku moja, inshallah, lakini ukweli wa kilichomo ghalani utabaki kuwa kazi yako.

Mungu akupe magoti yasiyochoka kupanda kilima. Akupe na mke mcheshi, na siku ya harusi yako kila lori liwe limefika kweli, nije nicheze mpaka mwisho bila deni moyoni.