Kupinda na Kupindisha

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Mpima, Mzungu mwenye ndevu nyekundu, alinikabidhi mnyororo wa chuma tuliopimia mashamba nje ya Eldoret. Akaniambia, "Mpaka wa shamba unapinda kwenye bikoni tu. Ukipinda kwingine, nenda nyumbani." Bikoni ni ile nguzo fupi ya saruji inayoonyesha kona ya shamba. Tulivuta mnyororo moja kwa moja, hata kama mbele ni matope au miiba, mpaka tuifikie. Hapo ndipo tulipopinda. Vijana, nyinyi leo mnamwambia mtu wa bodaboda "pinda hapo" popote mnapotaka. Kwetu neno hilo lilikuwa na mahali pake.

Uhuru ukaja. Walowezi wakauza, wananchi wakaunda makampuni ya kununua mashamba. Bwana Mpima akarudi kwao, akaja mpima mpya, Mwafrika mwenzetu. Nilifurahi sana, nikadhani sasa mambo ni yetu.

Tukaenda kugawa shamba moja mashariki ya mji. Ploti ya Mama Cheptoo, mjane, ilikuwa na chemchemi. Jirani yake alikuwa mwenyekiti wa kampuni iliyonunua shamba hilo. Asubuhi hiyo mwenyekiti alimvuta mpima kando, wakanong'onezana. Mpima akarudi akiangalia chini.

"Pinda hapa," akaniambia.

"Mzee, hapa hakuna bikoni."

"Tutaiweka. Pinda!"

"Hii si kupinda. Hii ni kupindisha!"

Mama Cheptoo alisikia. Akaja, akaketi palepale shimo lilipotakiwa kuchimbwa. "Basi nichimbieni na kaburi langu hapa," akasema. Mwenyekiti akaita wanaume wawili, wakambeba kama gunia la mahindi, huku mwenyekiti akiangalia saa yake. Nikautupa mnyororo. Nilifutwa kazi kabla saruji haijakauka, na chemchemi ikawa ya mwenyekiti.

Nilimalizia maisha yangu ya kazi kwenye ghala la mahindi, mpaka nikastaafu. Watu huniambia nisahau. Nisahau nini? Watoto wa yule mama walikua wakiomba ruhusa kuchota maji yao wenyewe!

Mwaka jana tulimzika mwenyekiti. Mhubiri akasimama akasema marehemu alikuwa mtu mnyoofu. Niliinuka mbele ya watu wote, nikatema mate, nikaondoka. Mke wangu anasema niliwaaibisha wafiwa.

Na waaibike.