Mwanamke wa Kwenye Dashibodi

Uvumilivu uliniisha nilipompigia simu mume wangu akiendesha gari kutoka Dutwa, nikasikia mwanamke akimwambia, "Baba Neema, punguza mwendo, mpenzi." Nilimbeba mwanetu Neema mgongoni hadi kwa mtendaji wa kata, nikadai mume wangu aitwe.

Kigari chake cha spoti ni cha zamani, kina viti viwili tu. Kwa hiyo huyo malaya alikuwa amekalia kiti changu.

Alipofika, kiti kilikuwa kitupu.

"Umemshushia wapi?" niliuliza, watu wote wakisikia.

Aliwasha gari. Dashibodi yake ya zamani iliyoharibika ilikuwa imeng'olewa, mahali pake pana skrini mpya, nayo ikasema, "Baba Neema, funga mkanda, mpenzi."

Neema akanyoosha kidole kwenye skrini. "Mama," akasema.

"Fundi aliniambia nichague sauti ya kunionya," alisema mume wangu. "Nikampa voisi zako za zamani za WhatsApp, za enzi ukinipenda."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtendaji akashika kalamu. "Mama Neema, bado unashtaki?"

Ningerudi vipi nyumbani mikono mitupu?

"Andika," nikamwambia. "Namshtaki fundi. Ametumia sauti ya mke wa mtu bila ruhusa."

Akaandika, nikasaini.