Mistari ya Magadi: Safari ya Marva kwenda Kajiado

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, simu ya duka la vifaa vya ujenzi ninaloliendesha Kitengela ililia kabla sijafungua kufuli la pili. Alikuwa Mwalimu Wafula, mwandalizi wa mashindano ya riadha ya Kajiado.

"Makokha, mistari imeliwa."

"Imeliwa na nani?"

"Na ng'ombe. Ndugu yangu, kuja na chokaa. Kuja sasa hivi."

Ilikuwa Jumamosi, katikati ya ukame, katika miaka ya tisini. Mimi nilikuwa mwamuzi wa upepo: kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya njia za mita mia na kifaa cha kupimia, kisha kuweka sahihi. Upepo ukimsukuma mkimbiaji mgongoni kwa zaidi ya mita mbili kwa sekunde, muda wake hauhesabiwi. Ndiyo maana mbio za mita mia za wanawake zilipangwa saa mbili kamili, wakati hewa ya Kajiado bado imelala.

Zilipangwa hivyo kwa ajili ya mtu mmoja. Marva alikuwa mzaliwa wa kisiwa kidogo cha Karibi, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu, na huo ulikuwa mwaka wake wa pili akifundisha michezo katika shule moja ya misheni Kitengela. Chama cha riadha cha kwao kilikuwa kimempa nafasi ya mwisho. Akikimbia sekunde kumi na moja nukta nne, au chini ya hapo, katika mashindano yanayotambuliwa, kabla siku hiyo haijaisha, angekwenda mashindano ya dunia. Asipoweza, nafasi ingekwenda kwa msichana wa miaka kumi na tisa.

Nilipakia mifuko minne ya chokaa kwenye pikapu nikampitia Marva alikokaa. Alikuwa langoni tayari, viatu vyake vya misumari vikiwa vimefungwa kwenye leso.

"Kuna shida?" aliuliza.

"Ng'ombe wamelamba kiwanja."

Alinitazama aone kama ninatania, kisha akapanda.

Kutoka Kitengela barabara ya Namanga hunyooka katikati ya mbuga, na asubuhi hiyo nyasi zilikuwa kama nywele za mgonjwa. Niliendesha huku nikiutazama moshi wa kila boma tulilolipita. Moshi ulipanda wima. Marva naye aliutazama. Tulizungumza Kiingereza, nami hapa naandika maana yake.

Nilimwuliza alianzaje. Alisema alianzia ufukweni, pembeni mwa uwanja wa kriketi, akikimbia peku na kaka zake. Akiwa na miaka kumi na saba aliwashinda wasichana wa visiwa vyote, akapata nafasi ya kusoma Marekani kwa nguvu ya miguu yake. Baada ya hapo ni Ulaya, kiangazi baada ya kiangazi: treni, vyumba vya kukodi, jiji jipya kila wiki. Mara mbili alifika nusu fainali ya dunia.

"Na fainali?"

"Fainali niliitazama kutoka jukwaani, mara zote mbili. Mwaka uliofuata msuli wa paja ulichanika, na klabu yangu ya huko ikaacha kunipigia simu. Hapo ndipo nikasikia kuna shule Kenya inatafuta mwalimu, kwenye nchi ya juu, hewa nyepesi. Hewa nyepesi humsaidia mtu wa mbio fupi. Nikaja."

Isinya tulisimamishwa. Kundi la ng'ombe waliokuwa wakipelekwa mnadani lilikuwa limeijaza lami, mbavu zao zinahesabika. Katika ukame hakuna mtu mwenye akili anayepiga honi kwa ng'ombe wa namna hiyo, akianguka hainuki. Nilizima injini. Mchungaji, mzee mwenye fimbo mabegani, alikuja dirishani.

"Sopa."

"Ipa," nilijibu. Na kwa kuwa salamu huko haikatwi katikati, nilimpa habari zote: tulikotoka, mvua isiyonyesha, tunakokwenda. Marva alikuwa akiangalia saa yake.

"Huyu mama anaenda kukimbia?" mzee aliuliza. "Mpaka wapi?"

"Mita mia."

"Halafu?"

"Halafu anasimama."

"Hiyo ni mbio gani? Hata mbwa wangu anaenda mbali kuliko hiyo. Anafukuzwa na nini?"

Marva alikuwa ameokota Kiswahili kwa wanafunzi wake. Aliinama kuelekea dirishani. "Nafukuzwa na saa, mzee."

Mzee alicheka, akapiga mluzi, na ng'ombe wakaanza kutupisha, mmoja mmoja. Tulipowasha gari, moshi wa boma lililofuata ulikuwa umeanza kuinama.

Kajiado tulifika saa mbili ikiwa imepita. Mwalimu Wafula alikuwa amesimama katikati ya kiwanja kama mtu aliyefiwa. Vigingi vya chuma vya mwanzo na mwisho vilikuwa mahali pake, lakini kati yake palikuwa na kwato na mavi tu.

"Mlichora na nini?" niliuliza.

"Magadi," alisema kwa sauti ya chini. "Ni nyeupe, na hapa ni rahisi kupata. Kamati ilisema chokaa ni gharama ya bure."

Mzee Lekishon, mlinzi wa kiwanja, hakuweza kuvumilia. "Mwalimu, wewe umetoka huko kwenu kwa miwa, umekuja kwa Wamaasai, halafu unamwagia ng'ombe chumvi yao chini na kuwaambia wasile? Tena ng'ombe ya mnada wa hapa ililala hapo nje tu. Ilivunja ua usiku ikifuata harufu."

"Si ungeniambia jana, mzee!"

"Ulinipa kazi ya geti. Hukuniuliza ng'ombe inapenda nini."

Tulinyoosha kamba na kumwaga chokaa. Kila mtu alishika kazi, hata wasichana waliokuja kushindana. Marva peke yake alizunguka kiwanja akipasha mwili joto, bila kutazama upande wetu. Mstari wa mwisho ulipokauka, bendera ya mkuu wa wilaya ng'ambo ya barabara ilikuwa imeamka.

Saa tatu na nusu bunduki ililia. Sijawahi kuona mtu akikimbia hivyo kwenye udongo. Wapima muda watatu walionyeshana saa zao: kumi na moja nukta tatu, zote. Watu walipiga kelele. Kisha wakanigeukia mimi.

Kipimo changu kilisoma mbili nukta sita.

"Makokha," Wafula alininong'oneza, jasho likimtoka, "andika mbili kamili. Mimi ndio nimemharibia asubuhi yake. Nani atajua?"

Marva alikuwa amefika, mikono kiunoni. "Inasema nini?"

Nilimwonyesha. Alisoma, akafumba macho kidogo. "Basi andika hiyo. Nataka kurudia, upepo ukitulia."

Tulingoja karibu saa nzima. Alikaa chini na kulikanda paja lile la zamani. Bendera ilipolegea alinyanyuka bila kuambiwa, na wasichana wawili wakakubali kumsindikiza.

Mbio ya pili, kipimo kilisoma moja nukta tano. Upepo halali. Wapima muda walitazama saa zao, na safari hii hawakuonyeshana haraka. Kumi na moja nukta tano.

Niliweka sahihi. Wafula naye aliweka yake.

Kurudi, Marva aliviweka viatu mapajani mpaka Isinya. Yule mzee alikuwa kivulini na ng'ombe ambao hawakununuliwa. Alitusimamisha.

"Saa ilimshika?"

"Ilimshika, kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde."

Alianza kucheka, kisha akauona uso wa Marva. Akavua kofia. "Pole sana, mama."

"Asante, mzee," alisema Marva. Tulipoondoka aliniambia, "Miaka kumi na sita nimekimbia nchi za watu. Leo ndiyo mara ya kwanza nimepewa pole na mtu asiyetaka kunikodishia chumba."

Jumatatu alikuwa shuleni, akifundisha.

Nilichojifunza safari hiyo ni kidogo. Upepo wa Kajiado hauamki mapema, na asubuhi ikishapotea huko hairudi. Usichore mistari katika nchi ya wafugaji kabla hujawauliza wafugaji.

Kuhusu hesabu, kamati ilihitaji mifuko minne tu ya chokaa. Kwa kutumia magadi badala yake, ilidhani imeokoa shilingi mia nne na themanini.