Shangazi na Usukani

Fundi alipofungua boneti la gari langu, harufu ya petroli na mpira wa moto ilinipanda puani, nikamkumbuka shangazi yangu.

Nilikuwa mdogo, bado sijaanza chuo cha Kurani. Shangazi ndiye aliyekuwa akiendesha gari la babu, akipeleka karafuu mjini, buibui kalifunga kiunoni. Msimu mmoja dereva wa tajiri alimcheka mbele ya watu: "Mwanamke na usukani, wapi na wapi?" Shangazi akamwambia washindane kutoka Chake hadi Wete.

Nilikaa nyuma, katikati ya magunia. Vumbi jekundu liliniingia mpaka kooni, kona zikanitupa huku na huku, naye alikuwa akiimba chinichini. Tulifika sisi kwanza. Hakuna aliyetupigia makofi.

"Umetuvua nguo, mwanangu," babu alisema tuliporudi, akanyoosha mkono apewe ufunguo.

"Lakini baba, nimeshinda."

"Na hilo ndilo baya zaidi."

Karafuu hazijakauka majamvini, shangazi akaozwa mtu wa kijiji cha Wambaa. Siku ya harusi alipelekwa kwa gari lile lile, safari hii akiwa kiti cha nyuma pamoja nami, kajifunika gubigubi. Aliyeshika usukani alikuwa mgeni wa gari lile. Kila gia zilipokwaruza, niliuona mguu wa shangazi, wenye hina mbichi, ukikanyaga sakafu kana kwamba klachi iko pale.

Barabara ilikuwa haijafika Wambaa. Ilipokatika tulishuka, wanawake wakamshika mikono, tukaenda kwa miguu.