Jiwe ya Kijani mu Mayi ya Kabambale

Mi nilisoma paka tu mpaka mwaka ya sita ya primaire, lakini pa mambo ya kabambale ya Amerika, basamaki ya ndevu, nilishindaka batu ya diplôme. Munivumilie nijisifu hapa ku mwanzo, juu ku mwisho mutaona makosa ilikuwa ya nani.

Tulikuwa tunaikala Kapata, ku Kolwezi, mu nyumba ya kampuni ya mine. Manyumba inafwatana mulongo, yote sura moya, mpaka mulevi anaweza kuingia ku jirani na kuomba bukari, ugali yake, kwa bibi ya mwenye nyumba. Baba yangu ni mutu ya Katanga ya kaskazini, alikuwa anatumika kazi ku mashini ya kusaga mawe. Jirani yetu alikuwa tata moya, muzee ya asili ya Kasai. Ni baba yake njo bazungu baliletaka zamani juu ya kazi ya mine, ya kuchimba mawe. Yee mwenyewe alizaliwa pale pale Kapata, Kasai alikuwa anaijua paka kwa masimulizi. Alikuwa anatumika ku labo: banamuletea unga ya mawe, yee anapima muko mukuba kiasi gani, ni kusema shaba.

Wakati kazi ilianza kuanguka, bazungu balianza kuenda moya moya. Chef yake ya labo, mbele ya kupanda ndege, akamuachia sanduku kubwa ya vitre, ile ya kioo banaitaka akwariomu, yenye kujaa mayi, na pompe ya hewa, na kitabu ya Kifaransa yenye mapicha, na basamaki saba bafupi bafupi, benye ndevu.

Kapata yote ilikuya kuangalia. Ndevu ile tulikuwa tunaijua. Kabambale ya Lualaba, ile mama anakausha ku moshi na kupika na tomati, iko na ndevu vile vile. Basi kila mutu aliinama mbele ya vitre, akaangalia muda kidogo, kiisha akauliza neno moya tu:

"Tata, batakomala lini?"

"Balisha kukomala."

"Hivi? Sawa kidole?"

"Hivi."

Batu banatoka banamuhurumia. Muzungu alimudanganya mutu muzima.

Mi nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nikapiga ku dirisha yake.

"Tata, naweza kuingia kuona?"

"Mutu anaendaka kutembelea batu mikono mitupu?"

Kesho yake nikakuya na zawadi. Ku kando ya njia ya treni kulikuwa mawe yenye kuanguka ku mawagoni, na mi nilikuwa na jicho ya kuchagula. Nilimuletea malakiti moya kubwa sawa ngumi mbili, ya kijani, yenye mizunguko ndani sawa macho ya bundi. Niliiosha na sabuni na burosi mpaka inangaa. Tata aliigeuza, akaigeuza tena, kiisha akaitia katikati ya akwariomu. Basamaki bakaenda kulala chini yake pale pale. Mi nikajiona sawa mutu mwenye kujengea parokia yake kanisa.

Toka siku ile nikakuwa mutu ya nyumba.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua ni basamaki gani. Kabambale yetu ngozi yake iko wazi, inateleza. Hii ingine ilikuwa imevaa mabati: milongo mbili ya mabati kila upande, moya inalala juu ya mwenzake, sawa paa ya shule. Mu kitabu kulikuwa namna mingi, yote inafanana. Moya iko na madoa, ingine iko na mustari mu mugongo, ingine iko na sura nyeusi sawa mwizi ya kufunika uso. Tata anashika loupe, kioo yake ya kukuza ya labo, anahesabu mabati, mi nasoma kwa kidole.

"Mugongo?"

"Brun, rangi ya kahawa."

"Kando?"

"Inangaa, kijani na mukuba."

"Madoa?"

"Sans tache." Nikamuangalia. "Tata, sans tache, bila doa, sawa Bikira Maria."

Alicheka mpaka loupe ikaanguka mu mayi. Tulipata jina: korido ya shaba. Tata akasema ni haki, basamaki ya kuikala Kolwezi lazima bakuwe na rangi ya Kolwezi.

Kazi ya pili ilikuwa kujua mwanaume na mwanamuke. Kitabu ilisema uangalie kwa juu, mwanamuke anakuwa wa muviringo. Tulisimama juu ya viti, tukaangalia. Bote bakonde sawa miti ya kibiriti.

"Tata, uko na camp ya bacélibataires, banaume batupu."

"Ngoja. Pale ni njaa tu."

Basi mi nikakuwa muchimbaji. Kila siku nachimba minyoo mu potopoto, udongo ya mayi, ya nyuma ya kikoni, tata anakata kidogo kidogo na lame ya kunyolea, na uso ya mutu anapima mukuba. Kiisha mwezi moya, batatu bakaota matumbo.

"Njo bamama bale," tata akasema.

"Ao ni balafi."

Lakini kitabu ilikuwa na haki. Ilisema kama unatia mayi ya mvula, ya baridi, basamaki banafikiri mvula ilifika kwao kule Amerika ya Kusini, banazaa. Mvula ya kwanza ya nguvu, tata akakinga mayi ya ku paa mu fûts, ni kusema mapipa, akamimina. Kesho asubui ilikuwa fête, sawa ndoa: banaume banafukuza bamama, mama anatia kinywa ku kando ya tumbo ya mwanaume, kiisha anabeba mayai mu mapezi yake ya chini, anaenda kubandika ku vitre, moya, mbili, sawa mutu anabandika matangazo. Tata aliita bibi yake, bibi akaangalia, akasema:

"Weye uko na batoto sita mu nyumba hii, bado unatafuta bengine?"

Siku ya pili mayai yote ikakuwa nyeupe. Siku ya tatu ikaota manyoya sawa mukate ya kuoza. Hakuna hata moya ilipona.

Ilikuwa vile musimu ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Tata alibadilisha pompe. Alifunika dirisha na blanketi. Kiisha akanishitaki mi.

"Wee unachekaka sana. Mayi inatetemeka."

Nilikaa juma muzima bila kucheka mu chumba ile, karibu nigonjwe. Mayai ikaoza vile vile. Kila mara tata anaongeza mayi ya mvula, kila mara anasafisha jiwe yangu muzuri, anairudisha katikati. Tata hakukuwa mutu wa kulia juu ya basamaki, lakini aliniambia siku moya, na sauti ya chini:

"Nataka kuona mutoto moya tu anaogelea. Moya. Kiisha hata pension ikuye."

Pension haikukuya. Ilikuya mwaka ya kufukuzana. Ku radio banasema, mu barabara vijana banapita na nyimbo: batu ya Kasai barudie kwao. Kwao wapi? Kwao ya tata ilikuwa mulango inafwata yetu. Batu bakakuya ku nyumba yake muchana kweupe, bakamupatia siku tatu ya kutoka.

Baba yangu akaacha kumusalimia. Haikukuwa chuki, mi namujua baba: alikuwa na woga, na alikuwa na haya ya ile woga. Nikamuuliza juu ya nini hasalimie. Akasema, "Nyamaza, kula."

Tata na bibi yake balifunga masufuria, matelas, nguo ya batoto. Akwariomu hakuna treni ingeibeba. Tata akaingiza mukono mu mayi, akatosha ile malakiti, akaipanguza na shati moya, akaifunga ndani.

"Hii nitabeba. Nitaonyesha bajukuu: angalieni, njo fasi nilizaliwa. Basamaki ni yako. Kama banazaa, unitafute fasi niko, uniambie."

Tukapunguza mayi, tukatia sanduku mu brouette, toroli ya gurudumu moya, nikaisukuma mpaka kwetu. Baba alisimama mu mulango.

"Bintu ya batu banafukuzwa sitaki humu."

Mama akatoka ku kikoni na mwiko mu mukono. "Basi shika brouette, urudishe weye mwenyewe. Uende ukamuambie tata ile mu macho yake."

Baba akaangalia brouette. Akaangalia mwiko. Akatoka mu mulango, akatuachia njia.

Tata na familia yake balienda ku gare, stesheni ya treni, mu mujini. Treni ilikuwa inakuya wakati inapenda. Familia mingi balikuwa banalala pale, kila moya na mukeka, na mashuka ya kutundika sawa kuta. Mama alikuwa ananituma na bukari na sombe, majani ya muhogo. Kila mara tata ananiuliza habari ya basamaki kwanza, bukari ya pili.

Juma ya pili, mvula kubwa ikanyesha. Nikakinga mayi, nikamimina, paka kwa mazoea. Asubui, vitre ilijaa mayai. Sikufurahi hata. Nilikuwa nangoja nyeupe. Siku ya pili: safi, sawa matone ya mayi. Siku ya tatu: mu kila yai macho mbili nyeusi, inaniangalia. Siku ya ine nilipiga kelele mpaka baba akakuya na mukaba mu mukono, alifikiri ni nyoka. Chini, ku muchanga, kulikuwa tumikia tudogo twa kutikisika, na vichwa vidogo mbele.

Baba akainama.

"Banapumua?"

"Banapumua, baba."

Alibakia pale mpaka chai yake ikapoa.

Muchana ule ule mama akarudi ku soko ya Manika na habari: treni inatoka leo. Nikatia batoto ya basamaki kumi hivi mu bocal, chupa ya kinywa kikubwa, nikaanza kukimbia. Mu mulango nikakuta baba analeta kinga, baiskeli yake.

"Panda."

"Baba, kule ku gare batu batakuona."

"Nimesema panda."

Ku njia kulikuwa barrière, mti ya kufunga barabara, ya vijana bale bale ya nyimbo. Moya akasimamisha kinga.

"Iko nini mu bocal?"

"Kabambale," mi nikasema.

Akatia jicho karibu na vitre. "Wapi?"

"Angalia muzuri. Bado haijakomala."

"Hii? Utakula lini?"

"Njo tunaenda kuuliza."

Bakacheka, bakasema ule mutoto ana kichwa mubaya, bakafungua. Mugongo ya baba ilikuwa inachuruzika jasho mpaka magoti yangu ikalowa.

Tata alikuwa anaikala juu ya kitunga yake, alikonda. Nikamupatia bocal. Akaangalia mayi tupu, akaniangalia, akaangalia tena. Kiisha akatafuta loupe mu mufuko.

"Moya," akasema. "Hapa moya ingine. Mama ya batoto, kuya! Biko na ndevu! Tudogo hivi na ndevu!"

Bibi yake akainama. "Kweli. Mingi kuliko za kwako."

Alibakia na loupe ku jicho muda murefu, mi nikamuacha. Kiisha mutu ya labo akaamuka ndani yake.

"Ulibadilisha nini? Pompe?"

"Pompe ilikufa, hakuna courant ya umeme."

"Chakula?"

"Minyoo ile ile."

"Mayi?"

"Ya mvula, sawa yako."

"Kelele?"

"Nacheka kuliko zamani."

Polepole akasimama, akafungua kitunga yake, akatosha ile malakiti, akaishika mu mukono sawa anapima kilo. Mi pia nikaelewa.

"Mukuba," akasema. "Mayi ya mvula inailamba, mukuba inatoka, mayai inakufa. Na kila mwaka mi naongeza mayi ya mvula. Miaka makumi mbili napima mukuba ya kampuni, ya mu chumba yangu sikuipima."

"Tata, njo mi niliileta. Njo mi niliua bale bote."

Akaniangalia. Kiisha akacheka, ile kicheko ya Bikira Maria, mpaka batu ya nyuma ya mashuka bakatosha vichwa kuona nani anacheka fasi ile.

"Weye uliua na jiwe, mi niliua na masomo! Na ni mi ningekufukuza juu ya kucheka!"

Nikamuambia aitupe. Akakatala, akaifunga tena mu shati.

"Iko na kosa gani? Hairukiaka mu mayi yenyewe."

Baba alikuwa anasimama kando na kinga yake. Akaiegemeza ku ukuta, akakaribia.

"Tata. Habari ya siku mingi."

"Nzuri, baba ya mutoto. Ni weye ulimuleta?"

"Ni mi."

Bakapeana mikono, na hawakuachana haraka. Bibi ya tata akamusogezea baba fasi ku mukeka, baba akaikala, mbele ya batu bote, mpaka treni ikalia.

Tata akanirudishia bocal, akasema mawagoni itabatikisa mpaka bafe. Alishaka kuona, inatosha. Wakati treni ilianza kuenda, akatosha kichwa ku dirisha, akapaza sauti:

"Usipelekee mutu zawadi tena!"

Leo niko na masanduku mbili, na bajukuu ya bajukuu ya bale saba. Mayi ya mvula ni baba njo anakinga. Mutoto akiingia mu chumba na jiwe mu mukono, hata ya kuchezea, baba anamutosha inje. Na jirani bapya, bale balipata nyumba ya tata, banakuyaka kuinama mbele ya vitre, banaangalia, banauliza batakomala lini. Mi nafungua kinywa kujibu, lakini baba ananitanguliaka.

"Balisha kukomala," anasema, na anavuta kiti karibu.