Ukuta wa Serafina

Ziwa lenyewe lilikuwa dogo, hata jina la kujivunia halikuwa nalo. Watu wa huko nyuma ya Geita waliliita Ilambo, yaani bwawa, basi. Zamani viboko walilala humo na ng'ombe wakanywa bila kugombana nao. Wakaja wachimba dhahabu kuosha mchanga wao, viboko wakahama, maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Wakabaki kamongo, wale samaki ambao ziwa likikauka hujizika topeni na kulala wakisubiri mvua. Na ukimya, ambao hata vyura waliuogopa.

Mwaka 1946 Ilambo lilimmeza Mabula, mume wa Serafina, akivusha mtama wa kuwauzia wachimbaji. Mtumbwi ulielea baadaye. Mabula hakuonekana.

Wakwe walitaka kumnyoa Serafina nywele, msiba uishe. Akakataa katakata.

"Mnaninyoa kwa kaburi gani?"

Kwake yeye, mtu asiyezikwa alikuwa bado yuko njiani, na jambo hilo lilimtia hofu. Kila upepo ulipotikisa mafunjo, alisikia mtu akikohoa.

Mwaka 1949 mvua zilikata, Ilambo likakauka. Serafina alikwenda mpaka katikati, pale mtumbwi ulipozama, akachimba kwa jembe. Hakupata hata mfupa mmoja. Basi akaamua kuuchukua udongo wenyewe ajengee nyumba, ili mumewe awe ndani. Udongo wa kujengea hukanyagwa kwa miguu mpaka ulainike, hilo halina mjadala. Serafina hakutaka.

"Nitamkanyagaje mume wangu?" alimwambia wifi yake, Mageni.

Akakata mabonge yakiwa makavu vilevile, akayapanga yakawa ukuta. Watu walimcheka, lakini kwa mbali.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, na upepo wake, ikaupiga ukuta wa upande wa kitanda. Ukuta ukaguna. Ukaguna tena, kwa sauti nzito, kama mtu aliyelala vibaya.

"Mabula?"

Serafina alipiga magoti, akaegemeza shavu ukutani, akamweleza yote: ng'ombe waliokufa kwa ukame, paa linalovuja, na jinsi alivyochoka kumngoja. Aliogopa, na bado alifurahi, Mungu amsamehe, alifurahi mno.

Bonge likapasuka. Kamongo akatoka, mzima, utelezi mtupu, akaanguka magotini pake akipanua mdomo.

Mageni alikuja mbio aliposikia kelele. "Ala! Wifi, kitoweo kimekufuata chenyewe nyumbani!"

Serafina alimbeba samaki yule kwenye kapu hadi Ilambo, ambako maji yalikuwa yameanza kurudi, akamwachia. Kamongo akazama papo hapo.

Aliporudi, mvua ilikuwa bado inaupiga ukuta. Alikaa kitandani akitega sikio, Mageni akiwa kando yake, mpaka kuku wakaingia bandani. Ukuta haukusema kitu.

"Wifi," Serafina akasema, "kalete wembe."